Siri Iliyoombewa

Kwa habari za miili ya watu, Mshonaji alikuwa kaburi. Katika chumba chake cha kazi, barabarani karibu na kanisa, walipita waumini karibu wote kupimwa, na yeye alijua nani amenenepa, nani amekonda kwa mawazo, na nani anataka gauni lenye marinda mengi mbele kwa sababu anazozijua mwenyewe. Hata mumewe hakuambiwa. Mteja akijifanya kuuliza, "Hivi mke wa kasisi kiuno chake kinasoma ngapi siku hizi?" yeye huuma pini midomoni na kukanyaga cherehani kwa nguvu kama hakusikia. Kwa hiyo msije mkadhani nawasimulia habari za mmbea. Angekuwa mmbea ingekuwa nafuu, maana mmbea watu humjua mapema wakajihadhari naye.

Hapana. Ugonjwa wa Mshonaji ulikuwa kuomba. Aliomba vizuri, na mbaya zaidi, alijua kwamba anaomba vizuri.

Kanisani kwao, kanisa la Kianglikana la matofali ya zamani, kulikuwa na darasa la watu wazima. Si lile la kipaimara, la kukariri majibu ili askofu akija usimwaibishe kasisi wako. Hili lilikuwa la watu waliowekewa mikono zamani, waliokwenda kwenye Meza ya Bwana miaka nenda miaka rudi, na bado walikuwa na maswali ambayo waliona haya kuyauliza. Walikutana Jumatano jioni katika chumba cha nyuma kinachowekwa ngoma za kwaya na mafagio, na viti vyenyewe vilikuwa vya watoto wa shule ya Jumapili. Hebu mfikirie fundi magari, jitu zima na kitambi chake, amekaa juu ya kiti cha mtoto, magoti yamemfika kifuani, anauliza kama ni dhambi kumchoka Mungu. Kwanza unataka kucheka. Halafu unaona hakuna anayecheka, na wewe unaacha.

Aliyewaongoza walimwita kwa kazi yake tu: Katekista. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kukohoa kila anapotaka kusema jambo zito. Siku ya kwanza kabisa alikohoa sana, kisha akasema darasa lina masharti mawili tu. La kwanza, yanayosemwa humu yanabaki humu. La pili, kila mmoja akitoka humu awaombee wenzake. Wote waliitikia ndiyo, na Mshonaji aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Mama mkwe wake naye alikuwa darasani. Huyu bibi alikaa nao nyumbani, chumba cha uani, na mdomo wake ulikuwa na pilipili ya kutosha mtaa mzima. Bibi alimwita mkwewe "cherehani yangu". Mshonaji akiongea sana mezani, bibi humwambia, "Cherehani yangu, uzi umekwisha, pumzika." Walipendana hao, msione utani. Mwana mwenyewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, alikuwa akilalamika kwamba nyumba hiyo ina wanawake wawili na yeye ni mpangaji.

Sasa jioni moja Katekista aliwauliza swali: katika Sala ya Bwana, ni mahali gani panapokupa shida? Fundi magari alisema ni pale pa riziki, maana yeye huomba ya leo huku akiiwaza ya kesho. Watu wakacheka kidogo. Mwingine akasema hili, mwingine lile. Mama mkwe alikuwa kimya, na kimya chake hakikuwa cha kawaida, hata mkwewe akageuka kumtazama.

"Mimi kuna mahali sipasemi," akasema hatimaye. Alikuwa akiitazama mikono yake. "Pale pa kusamehe. Ninyi mkifika pale, mimi nafunga mdomo. Mkishapita, naungana nanyi mbele. Sijapasema tangu mwanangu yuko tumboni."

Akaikunja mikono ile mapajani, akaendelea.

"Mama yetu aliugua wakati mimi niko mbali kwa mume, mimba kubwa. Dada yangu ndiye alikuwa naye. Akaamua nisiambiwe, eti nisije nikapata mshtuko nikaharibu mimba. Mama akafa. Akamzika. Habari zimenifikia mimi nanyonyesha, mama yuko ardhini na nyasi zimeshaota. Alinihurumia, najua, msinieleze. Lakini nani alimpa ruhusa ya kunihurumia hivyo? Sasa yeye yumo kanisani mle mle. Mimi niseme nimesamehe, na yeye ananisikia, na Mungu ananisikia, na wote wawili wanajua ni uongo? Bora ninyamaze."

Wote walimjua dada huyo. Alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, mwanamke mnene, mtaratibu, aliyewazika wengi na kuwafariji wengi. Watu walidhani ndugu hawa wawili ni watu wa heshima tu, wasiopenda makelele, maana salamu zao mlangoni zilikuwa "Habari?" na "Nzuri," basi, kila mmoja na njia yake.

Katekista alikohoa, akashindwa kupata mahubiri yoyote, akasema tu, "Asante, mama." Na hilo lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kuyasema darasani. Njiani kurudi, bibi alimshika mkwewe mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Hata mwanangu hajui," akasema. "Akijua atajiona ni yeye aliyenikosesha maziko ya mama." Mshonaji akambana ule mkono, machozi yakimlengalenga. Alimpenda sana jioni ile. Nataka mlielewe hilo, kwamba alimpenda.

Wiki tatu baadaye kasisi akamwomba Mshonaji aongoze maombi ya Jumapili. Basi! Mwanamke hakulala, hakula. Siku nzima alikuwa cherehani inakwenda na midomo inakwenda. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akaiombea mvua. Kila alipopata sentensi nzuri aliirudia mpaka ikakaa sawa, kama anavyorudia pindo lililopinda.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa, maana kulikuwa na ubatizo. Mshonaji alisimama mbele kwenye kipaza sauti, kitambaa kipya kichwani, akaanza taratibu. Waumini wakaitikia. Akapandisha kidogo, wakaitikia kwa nguvu. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Naam, Bwana!" na lile naam likamwingia Mshonaji kichwani moja kwa moja. Wagonjwa wakaombewa hadi ndugu zao wakalia. Kasisi mwenyewe alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa.

Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, ya kutetemeka, ile sauti ambayo kipaza sauti huipenda: "Na sasa, Bwana, tunamleta kwako mama mmoja aliye katikati yetu. Mama ambaye kila tukisali sala uliyotufundisha, akifika penye msamaha, hufunga mdomo wake. Miaka yote hii, Bwana! Kwa sababu ya dada yake wa tumbo moja. Na dada yake yumo humu humu, unamwona. Fungua mdomo huo, Bwana. Ufungue leo!"

"Amina!" kanisa likanguruma.

Na lilipomaliza kunguruma, likageuka. Nawaambia, vichwa vyote viligeuka. Hakutaja jina, ni kweli. Lakini kanisa lile kila mtu anajua nani ni ndugu ya nani, na wanawake wa tumbo moja waliosalimiana kwa "Habari?" na "Nzuri" tangu enzi walikuwa ni hao tu. Macho yakaenda kwa bibi, yakaruka benchi moja nyuma kwa Mama Mwenyekiti, yakarudi kwa bibi. Mshonaji aliyaona yanavyokwenda na kurudi. Ndipo naye akamtazama mama mkwe wake, na bibi alikuwa anamtazama yeye. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni na mtu aliyekuwa ameshikana naye mkono.

Mshonaji alisoma maombi yaliyobaki hajui anasema nini.

Lakini ibada haisimami kwa sababu wewe umeharibu. Ikaendelea: wimbo, sadaka, kubarikiwa kwa mkate na divai, na baada ya hapo, kama kawaida, kasisi akawaalika wote kwa Sala ya Bwana. Walianza vizuri. Kadiri walivyokaribia pale mahali, sauti zikaanza kupungua. Hakuna aliyepanga. Kila mtu aliishusha yake kidogo ili asikie, na watu wote wakishusha kidogo kanisa linabaki tupu. Walipofika penyewe, kasisi alikuwa anasema peke yake kwenye kipaza sauti, na kanisa zima, pamoja na wageni wa ubatizo ambao hawakumjua mtu, lilikuwa limetega masikio kwenye mdomo wa bibi mmoja mwenye mtandio wa kijivu.

Mdomo haukufunguka.

Bibi hakwenda mezani siku ile. Wenziwe wa benchi walimpita wakiruka magoti yake, wakaenda wakarudi, na yeye amekaa akitazama mbele. Mshonaji alipokea mkate akarudi kitini. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ardhi ya kanisa ikakataa kumsaidia.

Nje ndiko kulikuwa kubaya zaidi, maana nje walimsifu. "Dada, una upako!" "Yale maombi yalinishika hapa, hapa!" Kasisi, ambaye hakujua lolote la masharti ya darasa, alimshika mkono kwa mikono yake miwili akasema mwezi ujao tena, tafadhali. Mshonaji alicheka pale alipotakiwa kucheka. Kwa mbali aliona mtandio wa kijivu unaishia kwenye kona, peke yake.

Alipofika nyumbani, mumewe, ambaye siku hiyo hakwenda kanisani, alikuwa mlangoni. "Mama amerudi peke yake, hataki chai. Kuna nini?" Mshonaji alimpita bila kujibu akaenda uani.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, viatu vya kanisani bado vimo mguuni.

"Mama, nisamehe," Mshonaji akasema, na hapo hapo akasikia ameomba nini, na kutoka kwa nani, akatamani kulirudisha neno. "Liliniponyoka, mama. Nilishikwa na maombi. Nilitaka kukusaidia tu."

"Unajua nimefika wapi?" bibi akauliza.

"Mama?"

"Nakuuliza kama unajua nilikuwa nimefika wapi. Tangu jioni ile darasani. Nilikuwa nimeanza kuisema kimoyomoyo. Maneno mawili ya kwanza. Nikawaza Jumapili nyingine nitaongeza la tatu. Polepole, mimi mwenyewe, bila mtu." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Sasa nitaisemaje? Nikiisema, watapiga vigelegele. Watasema Mungu amemjibu Mshonaji. Nisipoisema, watasema bibi ana moyo wa jiwe. Iliyokuwa yangu imeshakuwa yao. Umenihurumia, sivyo? Na wewe umenihurumia."

Mshonaji akafungua mdomo.

"Usilie humu," bibi akasema. "Nenda kalie kwako."

Tangu siku ile bibi akawa na adabu. Hilo ndilo lililomuua Mshonaji. Hakuna cherehani yangu, hakuna uzi umekwisha. Ni "asante, mama," "samahani, mama," "nipishe nipite, mama." Chai yake alichemsha mwenyewe, akaosha kikombe mwenyewe, akakirudisha kabatini. Mume alikula akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Aliuliza mara moja, mama yake akamjibu, "Mambo ya kanisa, mwanangu," na yeye, aliyezoea mabomba, ambayo yakivuja angalau unaona maji, akachukua begi lake la spana akatoka.

Kazini Mshonaji alikaa mbele ya cherehani asikanyage. Lile neno alilomwambia bibi lilikuwa linamrudia: liliniponyoka. Aligeuza na kugeuza, na kila alipoligeuza aliona upande wake wa ndani. Halikumponyoka hata kidogo. Sentensi ile aliishona pale pale kwenye kiti kile, Alhamisi, akiweka lesi kwenye gauni la mtu. Aliijaribu kwanza bila dada, ikawa baridi. Akamtia dada, ikapata moto. "Na dada yake yumo humu humu, unamwona." Alikumbuka jinsi ilivyompendeza, jinsi alivyoirudia kwa ile sauti ya kutetemeka huku mashine imesimama. Alijiambia wakati ule kwamba anamwambia Mungu, na Mungu si mtu wa nje, kwa hiyo sharti halijavunjwa. Tena alijiambia haraka haraka, ili asipate nafasi ya kujijibu. Jamani, mtu anaweza kuwa peke yake chumbani na bado akaona aibu mpaka akafunika uso kwa lesi ya mteja.

Jumatano alijikaza akaenda darasani. Bibi hakwenda. Watu walikuwepo wote wengine, juu ya viti vyao vidogo, na Mshonaji alipoingia, maongezi yakakatika. Katekista aliuliza swali la siku, kuhusu kufunga na kuomba. Fundi magari akasema, "Mimi sina la kusema leo." Aliyefuata akasema naye hana. Wakazunguka chumba chote hivyo: sina, sina, labda wiki ijayo. Watu ambao walikuwa wameileta mioyo yao humo kama nguo za kufua, sasa walikuwa wamezikunja, wamezikalia.

Walipotoka, Katekista alimzuia mlangoni. Akakohoa.

"Sikumtaja jina," Mshonaji akawahi.

"Hukumtaja," Katekista akakubali. Alikuwa na huzuni kuliko hasira. "Mimi najilaumu pia. Niliwaambia muombeane, sikuwaambia ni wapi. Nilidhani mtu mzima anajua."

Maneno hayo, mtu mzima anajua, alikwenda nayo mpaka nyumbani.

Jumamosi mchana, bibi akiwa chumbani kwake na mume kazini, nje kukasikika wimbo. Mshonaji alichungulia, moyo ukamlipuka. Umoja wa Akina Mama! Walikuja na sare zao, vitambaa vyeupe kichwani, wameshika mafurushi ya zawadi, wanaimba wimbo wa upatanisho, na majirani walishatoka kutazama. Mbele yao, wamemsukuma kama bibi harusi, alikuwa Mama Mwenyekiti. Hakuwa anaimba.

"Fungua, mke wa mwanetu!" katibu wao akasema kwa furaha. "Maombi yako yamezaa! Tumemleta mama yetu wakumbatiane leo leo, kesho tukatoe ushuhuda kanisani."

Ndani, mlango wa chumba cha uani ulifungwa kwa komeo. Mshonaji aliusikia vizuri.

Alisimama mlangoni mwake. Hebu na ninyi mjiweke pale. Wanawake wote hao walikuwa wateja wake. Sare zile alizishona yeye, kila moja. Walikuwa wanamtazama kama mtu wa Mungu. Njia rahisi ilikuwa ni kukaa pembeni tu, wapite, wakagonge ule mlango wa uani wakiimba mpaka bibi atoke kwa aibu. Na bibi angetoka. Angekumbatiwa, angepigiwa vigelegele, na asingelisema lile neno mpaka kufa.

"Hapana," Mshonaji akasema.

"Hapana nini?"

"Samahani sana, akina mama. Hamtaingia." Sauti ile ya kwenye kipaza sauti hakuwa nayo, hii ilikuwa nyembamba, inakwaruza. "Mama aliyasema yale kwenye darasa, kwa siri, na mimi nilikuwa nimeahidi. Haikuwa yangu kuisema. Wala haikuniponyoka. Niliipanga, nikaifanyia mazoezi, kwa sababu ilikuwa nzuri mdomoni. Yale hayakuwa maombi. Nilikuwa namwanika mama mkwe wangu mbele ya watu ili nisifiwe. Rudini, tafadhali."

Lo! Wimbo ulikufa kuanzia mbele mpaka nyuma. Katibu akamtazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo unazuia amani?" Mwingine akasema, "Shetani huyo, ameona kazi inakamilika." Mwingine, kwa sauti ya pembeni lakini ya kusikika, "Na mimi vitambaa vyangu nitavifuata Jumatatu." Mshonaji hakujitetea. Uso ulikuwa unamwaka, masikio yanavuma, majirani wanakunywa kila neno. Alibaki amesimama tu, kashika fremu ya mlango.

Wakaondoka wakinung'unika, na mafurushi yao. Akabaki Mama Mwenyekiti peke yake.

"Hata wewe, mama mkubwa," Mshonaji akasema, na sasa machozi yakatoka. "Nakuomba. Si kwa njia hii."

"Sikutaka kuja," Mama Mwenyekiti akasema. "Walinitoa nyumbani kwa nyimbo. Ningewakataliaje?" Alivuta pumzi, akafuta jasho. Kisha akasema polepole, akichagua kila neno: "Mimi nakaa nyuma yake, unajua. Siku zote nimekaa nyuma yake. Wewe unadhani ni habari ngeni ulinipa? Mimi namsikia anavyonyamaza. Kila Jumapili namsikia. Tunafika pale, sauti yake inakatika, na mimi ndani ya ile nafasi namwambia mama yetu, bado, mama, bado hajawa tayari, nitangoja. Halafu sauti yake inarudi. Mimi na yeye hatujaongea miaka yote hii isipokuwa pale." Akatikisa kichwa. "Hizi Jumapili za karibuni nilisikia kitu. Kama pumzi. Kama anataka. Nikawa naenda kanisani na roho juu. Sasa watu wote wanasikiliza pale. Hata akisema, sitajua ananiambia mimi au anawajibu wao."

Alidhani amemwibia mtu mmoja, kumbe ni wawili.

"Usimwambie haya," Mama Mwenyekiti akasema. "Ni yangu. Nikipata namna, nitamwambia mwenyewe."

"Sitamwambia."

Mama yule alimtazama muda mrefu, kama anayepima kitambaa asichokiamini, kisha akageuka akaenda zake polepole, kwenye jua.

Komeo la uani likafunguka. Bibi alitoka akasimama kwenye korido, mtandio begani. Bila shaka alikuwa amesikia makelele, na alisikia yale ya mlangoni, yaliyosemwa mbele ya majirani. Hakuyagusa.

"Wameondoka?"

"Wameondoka, mama."

"Na yeye?"

"Naye ameondoka. Sasa hivi tu."

Bibi akaurekebisha mtandio begani. Kisha, kama mtu asiyejali, akauliza, "Alibaki nyuma ya wenzake. Nilisikia sauti yake. Alisema nini?"

Mshonaji akamtazama. Maneno yote yalikuwa pale pale kwenye ulimi, na yalikuwa mazuri, mazuri kuliko lolote alilowahi kuomba. Alijua yakitoka bibi atakaa chini alie, na pengine, baada ya kulia, amsamehe. Angemwita tena cherehani yangu. Alikuwa hana haja na kitu kingine chochote duniani.

"Mama, siwezi kusema," akasema. "Muulize mwenyewe."

Bibi akakaza macho. Uso ulimbadilika, ukapandwa na hasira ile ambayo wiki nzima ilikuwa imefunikwa na adabu.

"Leo?" akasema. "Leo ndiyo umejua kufunga mdomo?"

"Ndiyo, mama."

"Mdomo ulioyasema yangu mbele ya wageni wa ubatizo?"

"Huo huo, mama."

Bibi akamtazama kwa chuki, au kwa kitu kinachofanana na chuki, mpaka Mshonaji akainamisha kichwa. Alisikia viatu vinatafutwa, kimoja, kisha cha pili. Akasikia mtandio unatupwa kichwani. Bibi akampita mlangoni bila kumgusa na bila kuaga, akashuka ngazi, hatua zake zikaanza kufifia barabarani.

Mshonaji hakuchungulia kuona ameelekea upande gani.